Gari Lililolipwa kwa Mdomo

Mara ya kwanza gari la Henri Kambere kuzimika, halikuwa na kosa lolote. Tangi lilikuwa na mafuta, betri ilikuwa mpya, barabara ya Mugunga, pembeni mwa Goma, ilikuwa kavu. Saa nne asubuhi, abiria wanne ndani, mmoja amepakata kuku, injini ikanyamaza kama mtu aliyekatizwa maneno. Haikukohoa, haikutoa moshi. Henri alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na tisa kabla ya kuacha chaki na kuwa dereva wa taksi, na hilo ndilo lililomsumbua: mashine haifi bila kutoa sababu. Alifungua boneti, akatazama, akaifunga.

“Prof, fomula ya kusukuma ni gani?” aliuliza mama mwenye kuku.

“Shuka kwanza, mama. Fomula iko kule nyuma, kwenye buti.”

Watu wakacheka. Kicheko hakijaisha, simu yake ikatikisika mfukoni. Namba hakuijua, na ujumbe ulikuwa mfupi: Pole, prof. Toa ufunguo, hesabu mpaka kumi, washa tena.

Aliwapa abiria mgongo, akausoma mara mbili. Akatazama huku na huko: wauza makaa, pikipiki, wanawake wenye madumu ya maji. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Akarudi kwenye usukani, akatoa ufunguo, akahesabu. Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza, na mama mwenye kuku akapiga makofi.

Nimepanda gari hilo mara nyingi. Ni dogo, la kijivu, na usukani wake uko kulia kama wa magari mengi ya Goma yanayotoka Japani kupitia bandari za mashariki. Kwa kuwa hapa watu huendesha upande wa kulia, dereva anakaa karibu na mtaro na haoni kinachokuja mbele, basi anamuuliza abiria aliye kando yake. “Nipite?” Henri huuliza. “Pita, prof.” Na anapita. Miaka yote aliyoendesha magari ya wenzake, akiwapelekea wenyewe pesa yao kila jioni, aliyaweka maisha yake kwenye macho ya watu asiowajua, na hakuwahi kugongwa.

Gari la kwake mwenyewe alilipata kwa Namegabe. Huyo alikuwa mtu wa Bukavu, mpana, mwenye uwanja wa magari kwenye njia ya kwenda Keshero, chini kumemwagwa changarawe nyeusi ya lava iliyotia vumbi kila kioo. Nimeona magari ya mkopo Kampala, Abidjan na Nairobi, na pote muuzaji hubaki ameshika kitu. Namegabe alishika kadi ya gari, ikae kwenye kabati lake mpaka mwezi wa mwisho wa deni. Tena chini ya usukani alifunga kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye laini ya simu ndani.

“Benki itakuomba karatasi makumi mawili na mushahara wenye haujauona,” alimwambia Henri siku ya kutia sahihi. “Mimi nakuomba avansi na sura yako. Sura yako ni ya mutu mwema, prof. Mama anakubali?”

“Sura nilishaizoea,” alisema Rosine, mke wa Henri. “Niambie ya kale kasanduku.”

“Ah, mama! Kale ni kwa kuwalinda. Mwizi akichukua gari, munanipigia. Mimi naizima kwa simu, niko nakunywa chai yangu. Mwizi anabaki njiani kama mujinga.”

“Na kama mwizi ni wewe?”

Namegabe alicheka mpaka akapangusa macho. “Prof, huyu mama ulimutoa wapi?”

“Butembo.”

“Nilijua. Watu wa Butembo hawanunue kitu bila kukitukana kwanza.”

Avansi, nusu ya bei, ilitoka kwenye likirimba ya walimu kumi na watano, wenzake wa zamani aliokuwa bado akichangiana nao kila mwezi. Namegabe aliinua kila noti ya dola juani, akarudisha mbili. “Hizi ziko na kidonda,” alisema, akionyesha mpasuko usiofika urefu wa ukucha. Aliyempeleka Henri kwa Namegabe alikuwa Charline, mwalimu wa hesabu wa shule aliyofundisha Henri, ambaye naye alikuwa amepata gari jekundu kwenye uwanja huo miezi michache kabla. Siku ya kukabidhiwa gari, Namegabe alilifuata mpaka nyumbani kwa Henri Keshero, akawasimamisha mume na mke mbele ya lango lao, akawapiga picha kwa simu yake. Ya ukumbusho, alisema.

Jumapili iliyofuata wakaliarosa. Goma gari jipya haliingii barabarani kavu: mwenyewe anawanywesha ndugu, majirani na wenzake wa kazi, na bia kidogo inamwagwa juu ya boneti. Bila hivyo watu watasema unaendesha mzimu. Viti vilipangwa uani, kati ya kuta za mawe ya lava. Jephté, mdogo wake Rosine, mfanyabiashara wa vitenge mwenye ulimi mrefu, alilizunguka gari mara mbili akipigapiga matairi kwa kiatu.

“Shemeji, sema ukweli mbele ya watu. Hii gari ni yako, ao ni ya Namegabe na wewe unaiogesha tu?”

Watu walicheka, wakamgeukia Henri. Wajomba wa Henri walikuwepo, watu wa maduka, waliokopa maisha yao yote ili wanunue shehena za maharagwe na simenti. Lakini kukopa kitu cha kujionyesha nacho, kwao, ni kama kuvaa koti la mtu mwingine kwenye arusi yako. Henri alishika chupa, akamwaga bia juu ya boneti.

“Nililipa yote,” alisema. “Mpaka senti ya mwisho.”

Makofi yakapigwa. Harelimana, nyumbakumi wao, yaani mkubwa wa nyumba zile za avenue, alisimama akampa mkono kwa niaba ya majirani. Charline alipiga makofi akiitazama chupa yake. Rosine alikuwa ameshika sinia la nyama, na hakusema kitu, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mji ulitekwa, ukapata wenyewe wapya. Benki zilifungwa, na mtu akitaka pesa zake alivuka mpaka kuzitafuta upande wa pili. Uwanja wa Namegabe uliisha magari ndani ya siku mbili. Wengine walisema ameyavusha, wengine kwamba yamechukuliwa. Namba yake ya simu haikuita tena. Rosine aliendelea kutenga fungu la kila mwezi, akilifunga ndani ya kitenge chini ya nguo za watoto.

“Akirudi, atatukuta tayari,” alisema.

“Na asiporudi?” Henri aliuliza, na kwenye sauti yake mkewe alisikia kitu kilichofanana na furaha.

“Henri, usianze kuamini ile uliambia watu.”

Miezi miwili ikapita hivyo. Ndipo gari likazimika Mugunga.

Siku hiyohiyo, saa nane, alipigiwa simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka.

“Prof Henri? Gari inatembea vizuri?”

“Ni nani?”

“Ni sisi wa gari.”

“Papa Namegabe iko wapi?”

“Muzee Namegabe amepumzika. Alituachia vitu vyake.”

Henri aliniambia kwamba alisikiliza zaidi namna ya kusema kuliko maneno. Kwenye mji huu mtu hujua mwenzake ametoka wapi kabla hajamaliza salamu: Bukavu wanavuta hivi, Rutshuru wanakata vile, Butembo wanapanda na kushuka. Sauti ile haikutoka popote. Ilikuwa Kiswahili kilichooshwa mpaka kikabaki bila kijiji.

“Niko na pesa ya miezi mbili,” alisema. “Niambieni nilipe wapi.”

“Hatujakuomba pesa, prof. Usijisumbue.”

Kisha ikaja picha: yeye na Rosine mbele ya lango lao, wote wawili wamefinya macho kwa jua, pembe ya gari ikionekana kando.

Rosine aliitazama kwa muda mrefu. “Mutu anakudai, na pesa hataki,” alisema. “Sasa anataka nini?”

Jibu lilikuja Jumanne. Alhamisi saa tatu asubuhi Henri awe Kibati, mbele ya duka la rangi ya buluu. Mwanamume atapanda akiwa na mifuko miwili. Asibebe abiria mwingine, asiulize, amfikishe Mugunga. Hakukuwa na tisho hata moja ndani ya ujumbe, na mwisho wake ulimtakia siku njema. Njia ya Kibati, inayopanda kaskazini kuelekea volkano, ina vizuizi, na kwenye vizuizi mtu huulizwa jambo moja tu: gari ni la nani.

Henri alikwenda kwanza kwa fundi aliyezoea kumtengenezea breki. Fundi alilala chali chini ya usukani, akamulika kisanduku kwa simu, akatoka akirudisha bisibisi mfukoni.

“Prof, nyaya zake zilishikana na za injini. Nikikata, gari inakufa, na wenyewe wanajua saa ileile.”

“Basi kata. Ife.”

“Ikufie kwenye garage yangu? Hapana, muzee wangu. Ulikuya hapa leo? Mimi sikukuona.”

Kisha akaenda kwa Charline, anayekaa upande wa Mugunga. Alibisha, akasikia ndala zikija, zikisimama nyuma ya bati la lango.

“Charline, ni mimi, Henri. Nilikuwa nataka tu kukuuliza—”

“Mimi nililipa yote, Henri,” ilisema sauti yake kabla hajamaliza. “Yote. Sijui kitu.”

“Sijakuuliza kitu bado.”

Henri alisimama mpaka akasikia ndala zikirudi ndani. Kupitia upenyo wa lango aliliona gari jekundu. Magurudumu yake yalikuwa yamejaa vumbi jekundu la barabara ya mbali, na Charline, kwa miaka yote aliyomjua, alitoka nyumbani kwenda shule na kurudi.

Alhamisi saa tatu kasoro dakika tano, Henri hakuwa Kibati. Alikuwa amekaa mezani kwake, simu mbele yake, Rosine ng’ambo ya meza akichagua mchele ambao haukuhitaji kuchaguliwa. Ilipoita, alijibu mara moja, kwa sababu aliogopa kwamba akichelewa ataishiwa na maneno.

“Sitakuya,” alisema. “Mimi ni mutu wa taksi. Deni nitalipa yote, hata leo. Lakini sitakuwa dereva wenu.”

Sauti ikasema, bila hasira yoyote: “Sawa, prof. Asante kwa kutuambia.” Na ikakata.

Siku hiyo hakuna kilichotokea. Wala ya pili, wala wiki nzima. Henri aliacha kuliendesha gari. Lilikaa nje ya lango, kwa kuwa uwanja wao ni mwembamba na mawe ya lava hayachimbiki, na yeye akaanza kwenda mjini kwa miguu. Jioni, kabla ya giza, alikuwa akifungua mlango na kuandika kwenye daftari kuukuu la shule namba ya kilomita iliyoonekana chini ya kioo. Alikuwa mtu wa vipimo, hakujua njia nyingine ya kulinda. Namba haikubadilika. Jephté alipopita alimtania kwamba ameoa gari, analiangalia tu halimpikii. Henri alicheka naye. Wiki ya tatu alianza tena kupata usingizi.

Jumapili ya wiki hiyo walikwenda misa ya kwanza, familia nzima, wakarudi kama saa nne. Gari lilikuwa palepale. Lilikuwa limeoshwa.

Lilikuwa limeoshwa vizuri, mpaka ndani ya matao ya magurudumu, na juu ya jiwe la kando maji yalikuwa hayajakauka. Henri alifungua mlango, akataka kukaa, magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele, kwa mtu mfupi kuliko yeye. Alitazama namba ya kilomita, akaingia ndani kuchukua daftari, akarudi, akatoa: kilomita thelathini na moja. Aliketi na magoti yamebanwa, akapima njia kichwani kutoka langoni mpaka Kibati na kurudi.

“Walifungua na nini?” aliuliza.

“Kila gari inatoka na funguo mbili, Henri,” alisema Rosine. “Ile ingine hatukuulizaka.”

Jirani wa mbele alikuwa akianika nguo. Ndiyo, aliliona gari likiondoka, na likirudi. Alipunga mkono, hata. “Nilizani ni wewe, prof,” alisema. “Ni gari yako.”

Neno hilo ndilo lililomwangukia Henri. Alikuwa amekataa kuwa dereva wao, nao hawakumhitaji tena. Walihitaji tu kwamba avenue nzima ijue gari ni la nani, na jambo hilo alikuwa amewafanyia yeye mwenyewe, bure, chupa mkononi.

Jumamosi iliyofuata aliwaita tena watu walewale. Rosine alipanga viti vilevile, akanunua soda na bia chache kwa pesa iliyokuwa ndani ya kitenge. Charline alituma neno kwamba kichwa kinamuuma. Henri alisimama. Hakuwa amesimama mbele ya watu tangu aache darasa, na alijikuta akitafuta ubao nyuma yake.

“Ile siku niliwadanganya,” alisema. “Gari sikulilipa. Nililipa nusu. Kadi haiko yangu, jina haiko yangu. Kuna watu wenye siwajui, wanaizima na kuiwasha, na Jumapili waliitembeza wakati sisi tuko kwenye misa. Nawaambia ili mujue. Mukiiona mahali fulani, haiko mimi.”

Mmoja wa wajomba alikohoa. Kisha Jephté akaanza kucheka polepole.

“Shemeji, uko mukali! Wakati ya salama ulificha deni. Sasa batu wanakamatwa juu ya mali, unaficha mali!”

“Jephté, nasema ukweli.”

“Kila mutu hapa Goma hana kitu tangu mwezi wa kwanza. Mimi pia sina duka. Vitenge ni vya mama yangu.”

Kicheko kikawatoka wote, kicheko cha watu waliopata nafuu, na mjomba mmoja akampigapiga Henri begani kumsifu kwa akili yake. Henri aliapa. Walizidi kucheka. Kadiri alivyoeleza ya kisanduku na ya sauti, ndivyo walivyoona uwongo umepangwa vizuri, kazi ya mtu aliyesoma. Walikunywa wakaondoka mapema, kama watu wanavyoondoka siku hizi.

Aliyebaki ni Harelimana peke yake. Hakuwa amecheka.

“Wewe unaniamini, nyumbakumi,” Henri alisema.

“Nakuamini, prof.”

“Basi Jumatatu twende wote, useme kule kwa wakubwa kwamba hii gari haiko yangu.”

Harelimana aliizungusha chupa yake chini, juu ya jiwe, mpaka ikapata mahali pa kusimama. Ni mzee mpole, aliyezika watoto wawili, na hajawahi kumtoza mtu wa avenue hata sigara.

“Walikuya kwangu Jumatano,” alisema. “Vijana wawili, wenye adabu. Walikuwa na orodha ya magari ya Keshero. Walifika kwenye ya kijivu, wakaniuliza ni ya nani, ililipwa ao haijalipwa. Niliwajibu ile nilisikia na masikio yangu hapa. Waliandika. Walinipa kalamu, nikatia sahihi.”

“Rudi useme ulikosea.”

“Nikirudi kusema nilikosea, watauliza ni nani alinikosesha. Halafu tutakuwa wawili kwenye ile karatasi.” Alimtazama Rosine, kisha Henri. “Nisamehe.”

“Basi mimi nifanye nini?”

“Endesha, prof. Batu wamezoea kukuona ndani yake. Gari yenye mwenyewe anaiogopa, kila mutu anaanza kuiuliza.”

Jumatatu saa moja asubuhi Henri alirudisha kiti nyuma, akaketi. Hakuna aliyekuwa amempigia simu, hakuna ujumbe uliokuja. Aliiweka simu mbele yake, kwenye vumbi la dashibodi, akaenda taratibu mpaka kwenye njia panda ambako watu wa Keshero hungoja taksi. Wanawake wawili wakapanda nyuma. Mwanamume mwenye mkoba wa kazi akakaa mbele.

“Papa, inaenda wapi hii gari?” aliuliza mmoja wa wanawake.

Henri alifungua mdomo amjibu, akagundua kwamba alikuwa bado anaitazama simu, akingoja imwambie.